Mama Aliyejificha Kwenye Makapi

Wasukuma husimulia kwamba dunia iliwahi kumezwa yote. Zimwi liitwalo Shing'weng'we lilipita mji kwa mji likameza watu, ng'ombe, mbuzi na kuku, hata hapakubaki moshi unaopanda wala jogoo anayewika. Aliyeponea alikuwa mwanamke mmoja, mjamzito, aliyejitumbukiza ndani ya lundo la makapi ya nafaka na kutulia humo hadi zimwi lilipopita. Baadaye akajifungua mtoto wa kiume, jina lake Masala Kulangwa. Wakaishi wawili. Mtoto alipopata akili ya kuhoji, alimwuliza mama yake kwa nini wako peke yao na watu wengine wamekwenda wapi. Mama hakumficha. Tangu siku hiyo kijana akawa anatoka kwenda kulisaka zimwi ambalo hajawahi kuliona wala hajui linafananaje.

Utamu wa hadithi unaanzia hapo. Siku moja anaua panzi, anarudi mbio akiimba kwamba Shing'weng'we amekufa, mama apige vigelegele. Mama anatazama, anamwambia huyo ni panzi tu, mwanangu, tumchome tule. Siku nyingine analeta ndege, na wimbo ni uleule. Siku nyingine analeta swala. Kila windo linakuwa kubwa kuliko lililotangulia, na kila mara mama anakula, anashukuru, na anasema bado. Watoto wanaosikiliza wanaushika wimbo mapema, kwa hiyo kila mnyama mpya akiletwa wao ndio wanaoimba, na msimulizi anabaki na kazi ya kujibu kama mama. Hadithi inaweza kurefushwa kwa kadiri moto unavyodumu. Msimulizi hodari anaongeza wanyama, aliyechoka anapunguza.

Nimeanza na Masala Kulangwa kwa sababu historia ya hadithi za ajabu kwa vijana wa Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita haikuanzia kwenye rafu ya vitabu. Kijana wa leo anayemsimulia mwenzake kitabu cha majini, wachawi na majoka, akamhimiza asome na cha pili na cha tatu, anafanya jambo lililokuwa likifanyika kwenye miji ya wafugaji kabla shule haijafika. Jioni wanaume na wavulana walikaa kuzunguka shikome, moto unaowashwa karibu na zizi, na hapo wazee walifundisha kwa mafumbo, vitendawili na visa vya kale. Wasichana na watoto wadogo walikuwa na bibi zao jikoni. Masimulizi ya mashujaa yalikaa sehemu zote mbili, ila jikoni ndiko nyimbo zilikoimbwa zaidi.

Mpaka kati ya hadithi na habari za kweli haukuwa mkali. Mwanzoni mwa karne ya 20 alitokea mcheza ngoma na mganga mashuhuri, Ng'wanamalundi, ambaye Wajerumani walimkamata kwa kuogopa nguvu aliyokuwa nayo juu ya watu. Alikuwa mtu wa nyama na damu, aliyefariki miaka ya 1930. Lakini mpaka leo ukimtaja Usukumani utaambiwa alinyoosha kidole tu mti ukakauka. Wajukuu wa waliomwona ndio wanaosimulia, na wanasimulia bila kupunguza. Kijana aliyekulia kwenye visa hivyo hakuhitaji kufundishwa namna ya kusoma kitabu cha ajabu. Alikuja nacho kichwani.

Sasa twende pwani kidogo, maana hadithi hii ina ndugu yake huko. Mwaka 1864 alifika Unguja kasisi Mwingereza, Edward Steere, wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, ambaye baadaye alikuwa askofu. Alijifunza Kiswahili kwa kuwasikiliza wenyeji wakisimulia, akaandika alichosikia, na mwaka 1870 kitabu chake cha ngano za Kiswahili kilichapwa London, maneno ya Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Ndani yake imo ngano ya Sultani Majinuni. Sultani huyu ana mwana wa mwisho ambaye kila mtu anamdharau kwa kuwa anapenda kukaa jikoni, hata jina lake limekuwa Mkaa Jikoni. Sultani pia ana paka. Paka anakula ndama. Watu wakishtaki, Sultani anajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Paka anaendelea na wanyama wakubwa, kisha anaanza kula watu, na jibu la Sultani ni lilelile, mpaka siku paka huyo anapowala wana wa Sultani mwenyewe. Ndipo anapoacha kuitwa paka na kuitwa nunda, mla watu.

Mkaa Jikoni anatoka kwenda kumwinda. Anaua mbwa, anamleta nyumbani akiimba. Mama yake anamwambia siye. Analeta ngawa, siye. Analeta punda milia, twiga, kifaru, tembo, na kila mara mama ni yule anayetazama na kukataa, mpaka nunda mwenyewe anapopatikana. Anayemjua Masala Kulangwa hawezi kusoma ngano hii bila kushtuka. Mtoto asiyejua sura ya adui yake, wimbo unaorudiwa, mnyama anayekua, na mama ambaye ndiye pekee mwenye kipimo: vyote vipo. Katika karne hiyohiyo ya 19 maelfu ya wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walikuwa wakishuka Bagamoyo kila mwaka na kurudi bara, na mtu anayetembea miezi mitatu na mzigo begani hulala kila jioni penye moto na wenzake. Sioni haja ya kubishana nani alimpa nani hadithi. Alice Werner, mwanamke msomi wa lugha za Kibantu, alipochapisha kitabu chake cha visaasili mwaka 1933, alilitengea zimwi mmezaji sura nzima, kwa kuwa alilikuta kote, hata kwa Wasotho wa kusini kabisa.

Nunda alisafiri mbali kuliko wapagazi. Mwaka 1901 Andrew Lang, aliyekuwa akikusanya ngano za dunia nzima kwa ajili ya watoto wa Uingereza katika mfululizo wa vitabu vilivyoitwa kwa rangi zake, alimwingiza nunda wa Unguja katika kitabu cha rangi ya zambarau. Kwa hiyo watoto wa Uingereza walikuwa wakimsoma Mkaa Jikoni kitandani zaidi ya miaka ishirini kabla shule za Tanganyika hazijaanza kupokea kwa wingi vitabu vya hadithi kwa Kiswahili.

Vitabu hivyo vilipofika, vilibeba mashujaa wengine. Serikali ya Waingereza ilitaka lugha moja ya kufundishia, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili kwa nchi za Afrika Mashariki, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Johnson ndiye mtu aliyewaletea vijana wa nchi hizi sehemu kubwa ya vitabu vyao vya kwanza vya safari na maajabu. Mwaka 1929 zilitoka kwa Kiswahili Mashimo ya Mfalme Sulemani, Kisiwa chenye Hazina na hadithi za Maugli, mtoto aliyelelewa na mbwa mwitu. Safari za Gulliver zikafuata mwaka 1932. Alfu Lela Ulela ilitolewa vitabu kadhaa, na kwa wengi huo ndio uliokuwa mfululizo wa kwanza kushikika mikononi, wa kumaliza kimoja na kuanza kutafuta kingine. Mwaka 1940 Elisi naye akatumbukia katika Nchi ya Ajabu, safari hii kwa Kiswahili, akiwa amechorwa kama mtoto wa Kiafrika.

Naomba nikae kwenye Mashimo ya Mfalme Sulemani, maana hakuna kitabu kati ya hivyo kilichogusa nchi hii ya migodi kwa karibu zaidi. H. Rider Haggard alikiandika kwa Kiingereza mwaka 1885. Wazungu watatu wanavuka jangwa na milima wakimtafuta ndugu wa mmoja wao aliyepotea akifuata hazina. Wanamkuta mfalme dhalimu, wanasaidia kumwondoa, kisha wanaingia pangoni na kukuta almasi za kujaza makasha. Kitabu hicho kilianza kusomwa shuleni Tanganyika, na haikupita muda nchi yenyewe ikaanza kufanana nacho. Miaka ya 1930 mgodi wa dhahabu wa Geita ulifunguliwa, ukaja kuwa mkubwa kuliko yote ya Afrika Mashariki ya wakati huo, hadi ulipofungwa mwaka 1966. Mwaka 1940 mjiolojia kutoka Kanada, John Williamson, aliyapata mawe ya almasi Mwadui, si mbali na mji wa Shinyanga. Mwaka 1947 likatoka huko jiwe la waridi la karati 54 na nusu, likapelekwa London kuwa zawadi ya arusi ya Binti Mfalme Elizabeth. Kijana wa shule wa miaka hiyo angeweza kukifunga kitabu, akatembea, akafika kwenye uzio wa hazina ya kweli. Ndani ya kitabu hazina ililindwa na milango ya mawe na mifupa ya wafalme. Mwadui ililindwa na askari.

Haki itendeke kwa kitabu hicho. Kina kijana aitwaye Umbopa, mpagazi anayefuatana na wasafiri, ambaye mwishoni anajulikana kuwa ni Ignosi, mfalme halali. Baba yake aliuawa yeye Ignosi akiwa mchanga, na mama yake akatoroka naye kuvuka milima na jangwa ili asiuawe. Kijana wa Usukumani aliyefika ukurasa huo alimkuta mtu anayemjua: mama aliyemficha mtoto wakati kila mtu mwingine anaangamia, na mtoto anayerudi akiwa mkubwa kudai watu wake. Tena Ignosi akishakalia kiti anatamka wazi kwamba hataruhusu wageni wengine waje kufuata mawe yale. Sijui kama wakaguzi wa elimu wa kikoloni walikitafakari kifungu hicho walipokuwa wakikigawa kitabu.

Lakini kuna mtu mwingine humo, naye ananisumbua. Ni Gagool, kikongwe mchawi. Ndiye anayenusa wachawi na kuwachagulia kifo, ndiye anayejua njia ya hazina, na ndiye anayejaribu kuwafungia wageni pangoni. Mlango wa jiwe unashuka, unamponda. Msomaji ameandaliwa ili afurahi. Kitabu hakimwombolezi, hakimzungumzii tena ila kwa kuhesabu hatari iliyoondoka. Kizazi kizima cha vijana wa shule kilijifunza, kwa Kiswahili safi cha Johnson, kwamba kikongwe wa ajabu afaa kupondwa. Nitarudi kwake, kwa sababu Shing'weng'we bado hajafa.

Mwandishi aliyewapa vijana maajabu yenye roho nyingine alikuwa Mtanganyika. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, alikuwa karani wa serikali aliyesoma Alfu Lela Ulela kwa macho ya mtunzi. Mwaka 1951 ilichapwa Kusadikika, habari za nchi inayoelea angani, ambako Karama anashtakiwa kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria. Katika utetezi wake anasimulia safari za wajumbe sita: wanne kwenda pande nne za dunia, mmoja mbinguni, mmoja ardhini. Kila mjumbe anakwenda, anaona maajabu, anarudi na ujuzi wa kuifaa nchi, na anatiwa gerezani. Ni mfululizo uliokunjwa ndani ya kitabu kimoja chembamba. Nimewasikia watu wazima waliokisoma wakiwa darasani wakieleza habari za mjumbe wampendaye, huyu akimtetea wa mbinguni na yule wa ardhini, kwa ukali wa mashabiki wa mpira.

Mwaka uliofuata, 1952, ikatoka Adili na Nduguze, na kwangu hicho ndicho kitabu kikuu cha ajabu kwa vijana kuwahi kuandikwa kwa Kiswahili. Adili anatawala Janibu kwa niaba ya Mfalme Rai. Kila usiku anawachapa mijeledi manyani wawili, kisha anawakumbatia na kulia pamoja nao. Mfalme anapopata habari anataka kujua sababu. Manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliomtupa baharini kwa wivu, wakageuzwa na jini ambaye Adili aliwahi kumwokoa. Adili ameamriwa kuwachapa, na asipofanya hivyo yatamkuta makubwa. Shaaban Robert aliichukua mifupa ya kisa hicho kwenye Alfu Lela Ulela. Kuna mahali Adili anaingia mji ambao watu wake wote wamekuwa mawe, kila mmoja katika kazi aliyokuwa akiifanya, na ndani ya mji huo anamkuta msichana mmoja, Mwelekevu, aliyebaki mtu. Dunia nzima imekwisha, amebaki mmoja. Msomaji wa Shinyanga aliyekulia kwenye habari za lundo la makapi alikuwa na sababu yake ya kupunguza mwendo kwenye kurasa hizo.

Uhuru ulileta wasomaji wapya kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana. Sheria ya huduma za maktaba ilipitishwa mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ikafunguliwa mwaka 1967. Mwaka 1968 ulianza mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO, na mikoa iliyochaguliwa ilikuwa ya Kanda ya Ziwa, Shinyanga ikiwamo. Vitabu vya kisomo vilihusu pamba, ng'ombe, uzazi na afya. Hakukuwa na majini ndani yake. Hata hivyo mama aliyejifunza kusoma kwa kitabu cha pamba aliweza pia kuchungulia kitabu cha hadithi cha mwanawe, na hilo lilibadili nyumba.

Kwa nyumba zisizo na kitabu kulikuwa na redio. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirusha kipindi cha Mama na Mwana, na sauti ya Deborah Mwenda ikaingia kila kona ya nchi, ikisimulia habari za wasichana waliogeuzwa vyura na wafalme wasiosikia. Kilikuwa mfululizo kwa maana yake kamili: siku maalumu, saa maalumu, na wiki nzima ya kukisimulia upya njiani kwenda kuchota maji au kuchunga. Asiyekuwa na redio alikwenda kwa jirani. Aliyekosa alisimuliwa na aliyesikia, na aliyesikia aliongeza chumvi. Baadaye magazeti ya rangi yakashika nafasi hiyo kwa hadithi zenye neno "itaendelea" chini ya ukurasa. Mmoja wa waliopata wasomaji wengi kwa njia hiyo, Eric Shigongo, ni mtu wa Buchosa, ng'ambo tu ya Geita.

Wakati huohuo, ndani kabisa ya Shinyanga, kazi nyingine ilikuwa ikifanyika taratibu. Padre Donald Sybertz wa shirika la Maryknoll aliishi kwa miaka mingi Ndoleleji, na pamoja na kamati ya wazee na makatekista wa Kisukuma alikusanya methali, vitendawili, nyimbo na hadithi. Sehemu ya mavuno hayo ilitoka mwaka 1996 katika kitabu alichoandika na Padre Joseph Healey, na humo Masala Kulangwa alipata kusomwa na watu ambao wasingefika Usukumani. Waandishi hao waliitumia hadithi kufundishia habari za Kristo mwokozi. Kusoma hivyo kuna haki yake, na waumini wengi wa Shinyanga wamekupenda. Mimi napenda zaidi walichokifanya kabla ya mafundisho: waliiandika hadithi hadi mwisho, na mwisho wake ndio ambao wasimulizi wenye haraka huuruka.

Siku ilifika Masala Kulangwa akakutana na Shing'weng'we mwenyewe. Akapigana naye, akamshinda, akalipasua zimwi kwa kisu. Wakatoka baba yake, ndugu zake, na watu wote waliomezwa. Lakini kisu kilipokuwa kikipasua, kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani. Bibi akakasirika. Akamtukana kijana mbele ya watu, akaanza kumfanyia uchawi. Kijana alikuwa na marafiki waliomlinda, uchawi haukumpata. Kisha akafanya jambo ambalo Haggard hakulifikiria kwa Gagool: akatafuta dawa, akamtibu yule bibi sikio lake. Baada ya hapo ndipo watu wote walipomweka kwenye kiti cha utemi, na mama yake akapewa heshima ya mama wa mtemi.

Hadithi hii inasimuliwa katika nchi ileile ambako, kuanzia miaka ya 1970 na kuendelea, vikongwe wengi waliuawa kwa mapanga wakidaiwa kuwa wachawi. Shinyanga, Mwanza na Geita zilitajwa tena na tena. Macho mekundu yalitosha kuwa ushahidi, ilhali bibi aliyepika maisha yake yote kwa kuni mbichi na samadi kavu ya ng'ombe hana namna ya kuwa na macho meupe. Nyuma ya tuhuma mara nyingi palikuwa na shamba, urithi, au mtoto aliyefariki kwa homa. Waliofanya mauaji hayo walikuwa watoto wa wasimulizi wa Shing'weng'we, na hilo linauma. Hadithi nzuri haikuwazuia. Lakini hadithi haiwezi kulaumiwa kwa walioacha kuisikiliza kabla ya sikio kukatwa. Bibi wa hadithi ni mchawi kweli, amejaribu kweli kumdhuru shujaa, na bado anatibiwa, kwa sababu jeraha lake nalo ni la kweli na aliyemjeruhi ni shujaa.

Watu wa ukanda huu wanajua pia nini maana ya kutoka tumboni. Oktoba 2015 mgodi wa wachimbaji wadogo huko Nyangarata, wilaya ya Kahama, uliporomoka na kuwafukia watu. Wachimbaji sita walibaki hai chini, gizani. Mmoja alifariki hukohuko. Watano waliishi kwa mende, vyura na maji yaliyodondoka kwenye mwamba, mpaka wenzao waliokuwa wakichimba juu waliposikia sauti. Walitolewa baada ya siku 41. Huko Geita na Kahama, kijana anayeshuka kwa kamba kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji, na mdogo wake anayemsubiri penye karasha, mashine ya kusaga mawe, na kifusi, hawaisikii habari ya tumbo la zimwi kama mtoto wa mjini anavyoisikia.

Kuanzia mwaka 2007 hivi, ukanda huuhuu uliingia katika aibu nyingine, ya kuwawinda watu wenye ualbino kwa imani kwamba viungo vyao huleta dhahabu na samaki. Bungeni, Januari 2009, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alibubujikwa na machozi akizungumzia mauaji hayo. Mwaka huohuo, katika kesi iliyosikilizwa Kahama, watu watatu walihukumiwa kifo kwa kumuua mtoto. Kituo cha Buhangija, mjini Shinyanga, kikapokea watoto wengi wenye ualbino walioondolewa makwao ili wasalimike. Walifichwa kwa ukuta na geti pale ambapo makapi yasingetosha.

Ndani ya miaka hiyo wanafunzi wa sekondari nchini walikuwa wakisoma Takadini, riwaya ya Ben Hanson iliyofasiriwa kwa Kiswahili, mojawapo ya vitabu teule vya fasihi. Sekai, mke wa Makwati, amekaa miaka mingi bila mtoto. Anapojifungua hatimaye, mtoto ana ualbino, na mila ya jamii hiyo ya Kishona ya kale inataka auawe. Mkunga mzee, Ambuya Tukai, anamwonea huruma. Sekai anambeba mwanawe na kutoroka usiku, anatembea siku nyingi porini mpaka kijiji cha Mtemi Chivero, na huko Takadini anakua, anajifunza kupiga mbira, anapendwa na msichana Shingai. Hakuna joka wala jini ndani ya riwaya hiyo. Lakini mwanafunzi wa Shinyanga aliyeisoma kwa ajili ya mtihani alikuwa akisoma, kwa mara nyingine, habari za mama aliyeficha mtoto wakati kijiji kizima kimekuwa zimwi, na safari hii wanaowindwa walikuwa wakilala kilomita chache kutoka dawati lake. Walimu waliofundisha kitabu hicho kwa moyo wakati huo wanastahili heshima kubwa kuliko waliyopewa.

Vijana wanaosoma sasa wana vingi vya kuchagua. Elisi wa mwaka 1940, sasa akiitwa Alisi, amefasiriwa upya na Ida Hadjivayanis, mwaka 2015, kwa Kiswahili chenye ladha ya Unguja. Kwa Kiingereza wapo wanaobadilishana vitabu vya Nnedi Okorafor, ambaye mfululizo wake ulioanza na Akata Witch mwaka 2011, ukaendelea mwaka 2017 na 2022, unamfuata Sunny, msichana mwenye ualbino nchini Nigeria ambaye ndiye mwenye kipawa. Mtoto wa Buhangija akikutana na Sunny atakuwa amekutana na shujaa anayefanana naye usoni, jambo ambalo Johnson na vitabu vyake vyote hawakuwahi kumpatia. Mfasiri atakayeuleta mfululizo huo kwa Kiswahili kizuri, kisicho na haraka, ana wasomaji Kahama, Kishapu, Nyarugusu na Katoro, ambao wengi wao Kiingereza chao ni cha darasani tu.

Na Masala Kulangwa anahitaji mwandishi wake wa riwaya, mtu wa Usukumani, atakayempa vitabu vitatu au vinne vya kurasa nene. Cha kwanza kiishie zimwi linapopasuka. Cha pili kianze ndani ya umati wa waliotoka, kila mmoja akitafuta wake kwa jina, na bibi yule ameshika sikio linalovuja damu, anauliza ni nani mwenye kisu.